Ukishuka Dubai, nunua kadi ya nauli kabla ya kusimamisha teksi

Wateja wanaokuja kuchukua tiketi na viza ya Dubai ofisini kwetu hapa Lubumbashi huuliza mambo mawili: bidhaa za jumla zinapatikana wapi, na ndege inaruhusu kilo ngapi. Namna ya kuzunguka mle mjini haimjii mtu akilini mpaka ameshafika, na hapo ndipo dola zinapoanza kuvuja. Mama anayeuza viatu soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hupiga hesabu ya faida yake mpaka franga ya mwisho, lakini safari yake yote ya Dubai anaimaliza ndani ya teksi, asubuhi mpaka usiku, kwa kuwa ndicho chombo anachokifahamu. Akirudi anatuambia mji ule unakula pesa. Tunaandika haya ili safari ijayo usiende kulishwa hasara ambayo ingeepukika kwa kadi moja ndogo.

Kadi yenyewe inaitwa Nol. Inauzwa kwenye vituo vya metro, dirishani au kwenye mashine. Omba ile ya Silver: ni dirhamu 25, na kati ya hizo 19 zinabaki ndani kama pesa yako ya kusafiria. Ukiwa nayo unapanda metro, basi na tramu. Kila mtu awe na yake. Mume na mke hawawezi kupita getini kwa kadi moja. Na msikae mkingoja mtu wa kukusanya nauli kama kwenye taksi-basi zetu. Treni za metro haziendeshwi na dereva tangu zilipoanza mwaka 2009, na kwenye basi dereva hapokei pesa mkononi hata ukimwonyesha noti kamili.

Unagusisha kadi unapoingia, unagusisha tena unapotoka. Kwenye metro huwezi kusahau, maana geti halifunguki. Kwenye basi ndiko watu wetu wanakokosea: wanagusisha wakipanda, kisha wanashuka na mifuko yao wakiongea, kadi imo mkobani. Mashine iko pale pale mlangoni, igusishe. Mkaguzi akikukuta umepanda bila kulipa, faini ni dirhamu 200.

Nauli ya Silver ni dirhamu 3 ukibaki ndani ya kanda moja, 5 ukivuka kwenda kanda ya jirani, na 7.5 ukienda mbali zaidi. Dola moja ni kama dirhamu 3.67, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1997, kwa hiyo safari ndefu kabisa ya metro ni dola mbili na senti kidogo. Teksi inayokuchukua uwanja wa ndege, mita yake inaanza na dirhamu 25, karibu dola saba, kabla tairi halijazunguka.

Ukishukia Terminali 1 au 3, kituo cha metro kiko hapo hapo, kwenye njia nyekundu. Terminali 2 haina metro. Panda mpaka kituo cha Union, ubadili uingie njia ya kijani. Kuanzia hapo vituo vya kukumbuka ni vitatu, vimefuatana: Baniyas Square, Gold Souq na Al Ras. Hapo umeshafika Deira, kwenye maduka ya jumla, na ndiyo sababu tunawatafutia wateja wetu hoteli upande huo hata kama picha za hoteli za mbali zinapendeza zaidi. Mtu anayelala mbali na Deira hulipia uzuri huo kwa nauli na kwa uchovu, hasa miezi ya joto kali, kuanzia Juni mpaka Septemba.

Ndani ya treni kuna sehemu ya wanawake na watoto, imewekewa mstari wa waridi sakafuni. Papa, tazama unaposimama, kuivuka ni faini ya dirhamu 100. Kula, kunywa na kutafuna chingamu pia ni 100, hata kama ni maji na koo limekauka.

Sasa mizigo, na hapa tunaomba msome polepole. Metro inakubali abiria awe na valizi mbili: kubwa isiyozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na ndogo ya 55 kwa 38 kwa 20. Balo haliingii. Karatoni nne zilizofungwa kwa utepe, hazitapita. Ndiyo maana tunawashauri mtenganishe siku za kununua na siku ya kubeba. Siku za kununua, tembea mikono mitupu: kadi, simu, daftari, na sampuli moja moja mfukoni. Lipa, chukua risiti, elewana na mwenye duka abaki na mzigo, kisha mtu wa kargo apite kuukusanya duka kwa duka. Mama anayeburuta mzigo wake barabarani hukodi teksi tatu kwa siku kwa ajili ya katoni, wala si kwa ajili yake, na bado kargo atailipa vilevile.

Anayetafuta vitambaa atavuka mkono wa bahari, Creek, kwenda Bur Dubai. Huko nenda kwa abra, mashua ya mbao ambayo nauli yake ni dirhamu 1, taslimu, kwa hiyo usikose sarafu. Abiria wanakaa kwenye benchi la katikati, wamepeana migongo, kila upande unatazama maji. Ni dakika chache tu. Hata asiyenunua kitambaa aipande, ni kitu kizuri kuliko vyote mjini mle kwa bei hiyo.

Teksi ina kazi yake: usiku wakati metro imefungwa, siku ya kurudi na valizi zimejaa, na kwenda Dragon Mart, soko refu la bidhaa za China ambalo metro haijafika. Hata huko unaweza kupunguza gharama, ukienda kwa metro mpaka Centrepoint, mwisho wa njia nyekundu, ndipo uchukue teksi. Gari halali lina rangi ya krimu na paa la rangi nyingine. Lenye paa la waridi linaendeshwa na mwanamke, kwa ajili ya wanawake na familia. Hakuna mapatano kama tunavyofanya na manseba, wenye pikipiki za abiria, hapa kwetu. Unaketi, unatazama mita ikiwashwa, unalipa inachosema, pamoja na ushuru wa barabara wa Salik kama mmepita chini ya mageti yake. Anayekusogelea nje ya uwanja wa ndege akikuita rafiki na kukutajia bei, mkatalie kwa heshima, uende kwenye foleni ya teksi. Anayefuata vipuri vya magari Sharjah akumbuke kwamba huo ni utawala mwingine na teksi ya Dubai inaongeza malipo. Kuna mabasi yanayotoka pale Union, na Nol inafanya kazi.

Kuhusu saa: metro inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita usiku. Ijumaa inaendelea mpaka saa saba usiku, lakini maduka mengi ya sokoni hufungwa mchana kwa ajili ya swala, usipange manunuzi saa hizo. Jumapili inafunguliwa saa mbili asubuhi. Mwenye ndege ya Jumapili alfajiri aagize teksi tangu jioni. Na Dubai iko mbele ya Lubumbashi kwa saa mbili, rekebisha simu kabla hujalala.

Mteja wetu yeyote, akija kuchukua tiketi aje na orodha ya anachokwenda kununua, hata kama imeandikwa nyuma ya risiti. Tutamwandikia kwenye karatasi moja kituo cha hoteli yake, vituo vya kushukia kwa kila bidhaa, na mahali pa kubadili treni. Huduma hiyo hatuitozi. Ila msije siku ya safari mkiwa njiani kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Njooni angalau siku mbili kabla, tukae tuipitie pamoja.