YAH: Kufungiwa databesi kwenye seva ya pamoja

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya duka letu la vipuri hapa Kariakoo, tuko kwenye hostingi yenu ya pamoja na hela ya mwaka mzima tumeshalipa. Kuweka kikomo cha databesi siyo ishu, diski ni moja na tuko wengi, mmoja akiijaza wote tunasimama. Ishu ni mnavyofanya.

Jumatatu asubuhi mfumo wa mauzo umegoma, keshia anabonyeza hifadhi anaambiwa INSERT, yaani amri ya kuingiza rekodi mpya, imekataliwa, watu wamejaa kaunta, ikabidi aandike risiti kwa mkono na wengine wakaondoka zao kwenda duka la jirani. Hakuna imeili wala meseji kutoka kwenu, mmeondoa tu ruhusa kimya kimya eti tumepita giga 1.

Nikafungua tiketi, mkajibu "futa data". Sawa, nimefuta rekodi zote za zamani za watu kulogini, ndo zilikuwa nyingi kuliko hata mauzo, lakini kipimo chenu hakijashuka hata kidogo. Jamani hili si jambo geni kwa mtu wa seva, kwenye InnoDB, ile sehemu ya MySQL inayohifadhi data, ukifuta rekodi lile faili la .ibd lenye data ya jedwali linabaki na ukubwa ule ule, nafasi inakaa humo humo ndani ikisubiri data mpya, mpaka jedwali lijengwe upya kwa OPTIMIZE TABLE. Na OPTIMIZE TABLE inataka mtumiaji awe na ruhusa ya SELECT (kusoma data) na INSERT, hiyo hiyo INSERT mliyotunyang'anya! Sasa mnataka tupunguzeje?

MySQL, programu yenyewe ya databesi, haina kikomo cha diski kwa kila mtumiaji, inabana idadi ya kweri (maombi ya data) na mabadiliko kwa saa, na koneksheni basi, kwa hiyo hii ni skripti yenu wenyewe na kuirekebisha mnaweza. Itume onyo tukifika asilimia 80, na kama mnapima ukubwa wa faili basi tuwekeeni kitufe cha kulipunguza hata tukiwa tumefungiwa.

Kwa sasa naomba fundi wenu aendeshe OPTIMIZE upande wenu, majina ya majedwali yako kwenye tiketi, halafu mrudishe INSERT, na siku tulizofungiwa mziongeze kwenye mkataba wetu. Nahitaji jibu leo kabla hatujafunga hesabu za jioni, risiti za mkono ziko rundo hapa na zote inabidi ziingizwe kwenye mfumo.

Msimamizi wa mfumo