Kwa wasimamizi wa vituo vya asali Tabora: mwacheni karani wa mzani aseme hapana

Wanangu, mwangaluka.

Msimu huu nimeona ndoo zikirudi kutoka kwa mnunuzi, vifuniko vimefura, povu linatoka pembeni, na wa kwanza kukatwa posho ni binti wa mzanini. Sifichi hasira. Ndoo ile binti aliikataa mchana. Jioni bosi wake akapiga simu: "Ipokee tu, huyo ni wa nyumbani."

Asali ikizidi unyevu wa asilimia 20, hamira iliyomo inaamka na inachacha. Chukua kilo 100 zenye asilimia 18, umwagie kilo 50 za huyo wa nyumbani zenye asilimia 24: pipa zima limeshafika 20. Undugu wako umekula jasho la warina asali wa Sikonge, waliosubiri masega yafunikwe nta ndipo wakarina.

Ukimweka mtu mzanini, "hapana" yake isimame, hata mwenye ndoo awe mjomba wako, hata awe diwani. Mfundishe akiwa ameshika kipimo cha unyevu mwenyewe. Akoroge ndoo kwanza, maana asali yenye maji mengi hukaa juu na nzito hushuka chini. Ukichota juu tu au chini tu, kipimo kinakudanganya. Aweke tone kwenye kioo kikavu, afunike, asubiri kidogo joto lilingane, kisha asome akielekeza kwenye mwanga. Mwenzake asome pia. Wakipishana, wapime upya. Namba iandikwe kwenye ndoo pamoja na kijiji na tarehe, kosa likitokea mjue mlifuatilie wapi. Siyo mjue wa kumfokea.

Halafu eti mnawalipa kwa kilo zilizopokelewa! Nani atakataa ndoo wakati kila anayoikataa inapunguza mboga ya wanawe? Walipeni kwa siku. Ndivyo tulivyo siku hizi, na si kwenye asali peke yake: tunamlipa mtu afumbe macho, kisha tunamwita mzembe.

Mengine mnayajua. Ndoo ziwe za chakula, zisiwe zilizotoka na rangi. Zikioshwa, zikauke kabisa. Vifuniko vikazwe, hasa wakati wa mvua, kwani asali huvuta unyevu hewani. Na chujio la pili nunueni. Miezi mingapi wanaliomba?

Najua wengi wenu mlikabidhiwa ufunguo wa ghala bila kufundishwa kuongoza watu. Siwalaumu kwa hilo. Lakini aliyemfokea binti mbele ya wenzake, amwombe radhi mbele ya hao hao, na posho yake irudi.

Zile ndoo zilizochacha msizirudishe pipani kidogo kidogo mkidhani hazitajulikana. Wauzieni wapika wanzuki, ile pombe ya asali, na bei wapange wao.