Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, nami sina la kuongeza ila kwamba baadhi yetu, wakiwemo viongozi, bado wanadaiwa ada. Nitajikita katika jambo lililotugawa mwaka mzima, yaani kama ndege ndogo tunayoiunda hapa Tabora ifungwe mfumo wa kielektroniki wa kutoa cheche za kuwasha petroli ndani ya injini, badala ya magneto zote mbili, yaani vifaa vya zamani vya kazi hiyohiyo.

Wanaoutaka mfumo huo wana hoja. Tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto la Oktoba huifanya hewa izidi kuwa nyepesi, na cheche inayojipangia wakati wake huisaidia injini kutumia petroli vizuri zaidi. Hata hivyo, magneto hujizalishia umeme maadamu injini inazunguka, ilhali mfumo mpya hutegemea betri. Hilo tulilishuhudia chini ya mwembe, injini ikiwa imefungwa kwenye stendi: ilinguruma vizuri, kisha ikazima ghafla, nasi tukabaki tukisikia kuku wa jirani. Tulikuta nati ya waya wa betri imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa kidole. Aliyeikaza asubuhi ile ni mimi, na aliyetia saini karatasi ya ukaguzi ni mimi vilevile. Tangu siku hiyo anayekaza hatii saini.

Rubani wetu alisema roho ni yake na yuko tayari. Nauheshimu moyo huo, maana bila watu wa namna hiyo hakuna ndege ingeruka. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuruka, alianguka na chombo chake mwenyewe kisicho na injini, akafa mwaka 1896. Lakini mwaka 1908 huko Fort Myer, Marekani, panga (propela) la ndege iliyokuwa ikirushwa na Orville Wright, mmoja wa waundaji wa kwanza wa ndege, lilipovunjika, aliyekufa ni abiria, Luteni Thomas Selfridge, naye Orville akanusurika. Siku hizi Wamarekani huzitaka ndege za kujiundia zijaribiwe kwanza bila abiria, kwa kawaida saa 25 au 40, na baadaye abiria hukuta ndani tangazo la kumwonya kwamba chombo hicho hakijatimiza viwango vya ndege za kawaida.

Mama mzazi wa rubani, aliyehudhuria kikao cha Agosti bila kualikwa, aliuliza ikizima juu ya mashamba ya tumbaku itashukia kwa nani. Hakuna fundi aliyemjibu.

Kwa hiyo kamati imeamua kwamba magneto moja ibaki, mfumo mpya uchukue nafasi ya ile nyingine na upewe betri yake ya akiba, na rubani aruke peke yake, mbali na makazi, baada ya kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kupatikana. Wapo walioniita mwoga, na sikukasirika.

Kati ya saa 25 tulizojiwekea kwenye stendi zimetimia 11. Wanaoweza kushika daftari la majaribio Jumamosi waandikishe majina kwa katibu kabla ya kutoka.