Mheshimiwa, tunaomba buibui wa kijitoni wapimwe

Kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Kakamega

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Ikolomani. Kila asubuhi navuka kijito nikienda shuleni, na umande ukiwa bado haujakauka, tando za buibui kwenye matete huonekana uzi kwa uzi. Upande wa juu zimesukwa zikasukika. Ukishuka hadi pale akina mama wanapoosha dhahabu, nyuzi zimekwenda shaghalabaghala, nyingine zimeachwa nusu. Wanafunzi ndio walioniuliza kwa nini.

Kazi ya pale unaijua. Unga wa mawe hukorogwa na zebaki kwenye karai, kwa mikono mitupu, donge la zebaki na dhahabu likakamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa juu ya jiko, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Mvuke unaruka, maji yanamwagwa kijitoni. Huko kwenye tope, bakteria huigeuza zebaki kuwa zebaki-methili, aina inayonata mwilini. Mabuu ya wadudu huibeba, wakiota mabawa wanatoka nayo majini, buibui anawanasa. Ndege naye anamla buibui.

Zebaki ni sumu ya neva, na utando ni mwandiko wa neva za buibui. Mwanasayansi Peter Witt alianza kuwapa buibui dawa za kulevya mwaka 1948, akaona ususi wao ukibadilika kulingana na dawa.

Najua, upepo na mbuzi pia huharibu tando. Ndiyo maana naomba vipimo. Huko Marekani watafiti hukusanya buibui wa kingo za mito na kupima zebaki iliyo mwilini mwao, kwa kuwa buibui haendi mbali: alichonacho amekipata papo hapo. Chupa ya maji haina kumbukumbu hiyo, maana yaliyomwagwa jana yameshateremka. Basi buibui wachukuliwe juu na chini ya machimbo, na matokeo yasomwe kwenye baraza la chifu, kwa lugha yetu.

Tafadhali usitume askari. Wakifukuzwa, akina mama watachomea zebaki ndani ya nyumba, na hapo tumeharibu zaidi. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2013. Tuanze na vyombo vya chuma vilivyofunikwa, vinavyonasa mvuke na kurudisha zebaki kwa mwenyewe. Hata mfukoni ataona faida.

Mtu wako akija, afike kabla ya saa moja asubuhi, jua halijakausha umande. Wanafunzi wameshaosha chupa za jemu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa baiolojia, Ikolomani