YAH: Malalamiko kuhusu maboksi ya risasi za zamani mliyoniuzia kwa tarehe zisizo zake

Habari zenu huduma kwa wateja,

Naandika kuhusu yale maboksi matatu matupu ya risasi za rimfaya (zile ambazo fataki yake, kemikali ya kuwasha baruti, iko kwenye ukingo wa kitako) niliyoshinda kwenye mnada wenu wa mtandaoni, la Winchester, la Remington na la Peters, viwanda vya risasi vya Marekani, yote kalibari .22. Jibu lenu la kwanza nililipata, mkasema tarehe mnazoweka ni makadirio tu na vitu vya zamani vinauzwa kama vilivyo. Jibu hilo sikulikubali na bado silikubali, ndo maana naandika tena kwa kirefu, na naomba sana hii barua imfikie yule anayeandika maelezo ya bidhaa maana tatizo liko kwake, wala sio kwa aliyefunga mzigo wala aliyesafirisha, hao walifanya kazi nzuri na mzigo ulifika salama.

Tuanze na Winchester kwa sababu hilo ndo limeniuma zaidi. Mliandika ni boksi la .22 Long Rifle la mwaka 1887. Sasa jamani, 1887 ni mwaka risasi yenyewe ya .22 Long Rifle ilipotoka, na kampuni inayotajwa kuileta ni Stevens, wale watengeneza bunduki, hata sio Winchester. Mtu wenu alitafuta hii risasi ilianza lini, akapata 1887, akaichukua akaibandika kwenye boksi. Ni sawa na kumpa mjukuu tarehe ya kuzaliwa ya babu yake kisa wanaitwa jina moja. Risasi hii imetengenezwa tangu hapo mpaka leo bila kukatika, kwahiyo mwaka ilipoanza haukuambii chochote kuhusu karatasi iliyo mkononi mwako, unakwambia tu kwamba boksi haliwezi kuwa la kabla ya hapo, basi.

Na boksi lenyewe linajieleza, hiyo ndo inayonisikitisha. Ubavuni chini ya jina la Winchester na la New Haven, mji wao, yameandikwa maneno ya kwamba ni tawi la Olin Industries. Mkusanyaji yeyote akiona hayo maneno kazi imeisha. Winchester ilifilisika ikanunuliwa na Western Cartridge ya familia ya Olin Desemba 1931, halafu hayo makampuni ya familia yakawekwa chini ya jina Olin Industries mwaka 1944, na mwaka 1954 wakaungana na Mathieson, kampuni ya kemikali, jina likabadilika tena likawa Olin Mathieson, na mwaka 1969 likafupishwa likawa Olin tu. Kwahiyo boksi lenye Olin Industries linakaa kati ya 1944 na 1954 au karibu sana na hapo kama kiwanda kilikuwa kinamalizia lebo za zamani. Mmekosea kwa zaidi ya nusu karne, na mstari unaosema ukweli uko kwenye boksi hilohilo mlilokuwa mmelishika mkononi.

Kwanini mimi sikuuona kabla ya kuweka dau mnadani? Kwa sababu mlipiga picha ya uso wa mbele peke yake, na mlipobandika stika yenu ya namba ya bidhaa mliibandika juu ya mstari huo huo. Sisemi mlificha makusudi, simjui aliyebandika na sina sababu ya kumtuhumu, ila matokeo yake kwa mnunuzi ni yaleyale. Na stika yenyewe ni ile ya gundi kali. Nimeitoa taratibu kwa uangalifu wote, bado imeondoka na ngozi ya juu ya karatasi pamoja na herufi kadhaa. Karatasi ya boksi la risasi la zamani imekaa miaka na mafuta ya risasi na ule unga mweupe unaotoka madini ya risasi (ledi) yanapooza, inakuwa laini kama imelowa, haivumilii gundi kabisa. Boksi lililovuka miaka yote hiyo likiwa na lebo nzima limekuja kuharibiwa na stika ya kuhesabia mali ghalani. Hili hata mngenirudishia hela leo haliponi tena.

La Remington nalo mliliandika kuwa ni la UMC, kifupi cha Union Metallic Cartridge, kabla ya kuungana na Remington 1912. Union Metallic Cartridge ilianzishwa Bridgeport, Connecticut mwaka 1867 na ni kweli ilitumia jina lake peke yake miaka mingi, na maboksi hayo ya UMC peke yake yanatafutwa sana, hilo mnalijua ndo maana mliweka bei ya kuanzia juu. Lakini boksi mliloniletea lina ule mviringo mwekundu wenye Remington juu na UMC ndani, yaani majina yote mawili yako pamoja, sasa litakuwaje la kabla ya kuungana? Na kama hilo halitoshi limeandikwa Kleanbore kwa herufi kubwa. Kleanbore ni fataki ya Remington isiyoozesha mtutu, imetoka mwaka 1926. Kabla ya hapo fataki za rimfaya zilikuwa na klorati ya potasiamu, ukishapiga inabaki chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na ukichelewa kusafisha mtutu unashika kutu. Ndo maana Remington walipopata dawa isiyofanya hivyo waliitangaza mbele ya boksi, na Winchester nao wakaja na Staynless, fataki yao ya namna hiyohiyo. Neno hilo lilikuwa habari kubwa kwa mnunuzi wa wakati ule na leo ni msaada mkubwa kwa anayetafuta tarehe. Mtu wenu alilinakili neno Kleanbore kwenye maelezo kabisa, nimeliona, halafu sentensi inayofuata akaandika kabla ya 1912.

La Peters sitakaa nalo sana. Mlisema ni la enzi ya kampuni kujitegemea, boksi limeandikwa Bridgeport. Peters ya kujitegemea ilikuwa Kings Mills, Ohio, na Remington waliinunua mwaka 1934. Anwani ikishasoma Bridgeport, mji wa Remington, basi ni Peters ya Remington. Kuisoma anwani ni kazi ya sekunde moja.

Sasa kuhusu hilo neno makadirio. Makadirio nayakubali, kwenye hii kazi wote tunakadiria, hakuna boksi la miaka hiyo lililopigwa mhuri wa tarehe mahali pa kuonekana na kila mtu. Mtu akiandika takriban 1946 hadi 1954 akaeleza kwanini, hayo ni makadirio na hata akikosea kidogo sina neno. Makadirio yanatoka kwenye kitu ulichokiona: jina la kampuni, anwani, aina ya baruti iliyoandikwa, jinsi boksi lilivyokunjwa, maana ya zamani sana yalikuwa vipande viwili, kifuniko kinanyanyuka na karatasi ya kufunga imezungushwa ubavuni, ya baadaye ni kipande kimoja chenye masikio ya kufungulia kwenye ncha. Ukiona anwani ina zipu kodi, ile namba ya posta ya Marekani, ujue ni baada ya 1963, kwa sababu hazikuwepo Marekani kabla ya hapo. Ukiona bakodi ujue umeshavuka 1974. Haya hayahitaji mtaalamu, yanahitaji mtu ageuze boksi pande zote sita.

Halafu kuna kitu kingine ambacho bado kiko kwenye mnada wenu sasa hivi na nawaomba mkitoe kabla mtu hajalipa. Ni boksi la UMC la vipande viwili, .22 Short, mmeandika limejaa na risasi zake asili. Mmepiga picha ya risasi chache zikiwa zimesimamishwa kwa kitako na zote zina herufi H. H kwenye kitako ni Winchester, waliiweka kwa heshima ya Henry, yule fundi wa bunduki ya Henry. UMC waliweka U, Peters waliweka P, na wale wa Lowell, United States Cartridge, waliweka US. Kwahiyo hizo risasi sio za boksi hilo, mtu alijazia miaka fulani. Boksi linaweza kuwa zuri kabisa na risasi zinaweza kuwa nzuri kabisa lakini sio mwenzake, na neno asili hapo sio kweli. Nililiripoti kwa kile kitufe chenu cha kuripoti na halijaguswa.

Labda mnaona nimeshikilia kitu kidogo, ni boksi tupu la karatasi. Mimi nanunua matupu kwa sababu ndo ninayoyataka, nataka lebo na maandishi na historia ya viwanda, tena matupu yanasafirishika, risasi nzima posta ya Marekani haipokei kabisa. Na kwa mtu wa maboksi matupu lebo ndo kila kitu, ukikosea lebo hujaniuzia chochote nilichotaka. Mkusanyiko wangu nimeupanga kwa mfuatano wa miaka ya kila kiwanda, na boksi la 1887 la Winchester lingeziba pengo ambalo nimelitafuta kwa muda mrefu sana. Badala yake nimepata boksi la miaka ya Olin ambalo ninalo tayari, tena langu halijachanika.

Na madhara hayaishii kwangu. Minada yenu iliyoisha inabaki mtandaoni na picha na bei na maelezo, na watu wanaitumia kama rejea, nimeshaona wauzaji wengine wakinakili maelezo yenu neno kwa neno kwa sababu nyie ni wakubwa na jina lenu linaaminika. Kwahiyo 1887 mliyoiandika leo, mwakani itakuwa kwenye maboksi ya watu wengine, na anayeanza kukusanya atajifunza kwamba Olin Industries ni alama ya karne ya 19. Sisi tunaokusanya tunasahihishana mmoja mmoja lakini hatuna nguvu ya kufuta mnachochapisha nyie.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza mnirudishie hela ya maboksi yote matatu pamoja na ya kusafirisha, na gharama ya kuyarudisha iwe juu yenu. Kama la Remington mtataka kuniachia kwa bei ya boksi la Kleanbore la kawaida nitalichukua maana hali yake ni nzuri na rangi haijapauka, ila sio kwa bei ya UMC. La pili, mrekebishe maelezo ya hiyo minada mitatu iliyoisha, msiifute, muandike wazi kwamba tarehe imesahihishwa ili anayeitafuta aone. Lile la UMC lenye risasi za H litoeni au muandike ukweli wake. Na stika, tafadhali acheni kubandika kwenye kitu chenyewe, wekeni boksi ndani ya mfuko wa plastiki mubandike kwenye mfuko, au fungeni kikaratasi kwa uzi, muepuke gundi yoyote kwenye vitu vya karatasi.

Picha za pande zote sita za kila boksi nimeziambatanisha, pamoja na picha ya mahali stika ilipochana, na picha ya skrini ya maelezo yenu yalivyokuwa siku ya mnada. Maboksi nimeyaweka pembeni kama yalivyofika na sitayagusa mpaka mnijibu. Naomba jibu liwe la maandishi na litoke kwa mtu aliyeyasoma haya, asinitumie tena ile meseji ya vinauzwa kama vilivyo, kwa sababu vilivyo sivyo mlivyoviandika.

Mteja wenu,
mkusanyaji wa maboksi ya rimfaya