Keki ya jibini itolewe ikiwa bado inacheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaooka keki ya jibini, ile ya jibini laini ya krimu juu ya biskuti zilizosagwa. Wengi huchoma kijiti katikati na kusubiri kitoke kikavu. Hapo ndipo wanapoiharibu. Jina lake ni keki, lakini hasa ni kastadi: kinachoishikilia ni mayai, si unga. Yai likizidi moto hukaza na kujikamua maji, ulaini ukageuka chengachenga mdomoni.

Kwa chombo cha sentimita 20 tia jibini gramu 600, sukari gramu 150, mayai 3, krimu chachu mililita 150, maji ya nusu limau na chumvi kidogo. Jibini ikae nje ya friji saa nzima. Ikiwa baridi huacha madonge. Ilainishe na sukari kwanza, ndipo utie mayai moja moja, mashine ikienda polepole. Ukiyapiga kwa nguvu unaingiza hewa, keki itaumuka kisha ibonyee na kupasuka.

Oka kwa nyuzijoto 160 kama saa moja, chombo kimefungwa foili na kukaa kwenye trei ya maji moto. Kingo zishike, katikati pacheze kama mtindi mzito. Zima oveni, acha mlango wazi kidogo kwa saa moja, pitisha kisu pembeni ili isinase inaposinyaa, kisha iweke frijini usiku kucha. Ikikatwa mapema hulalamikiwa kuwa mbichi, kumbe mafuta ya jibini hayajaganda tu.

Krimu chachu na limau msiviache, tafadhali. Bila uchachu mafuta hutanda ulimini na utamu huchosha kwa kijiko cha pili. Anayetumia mtindi badala yake auchuje usiku mzima kwenye kitambaa safi, la sivyo keki italegea na biskuti zitalowa.

Ile iliyoungua juu, ya mgahawa wa La Viña huko San Sebastián, Hispania, ni jambo jingine kabisa: haina biskuti, hutaka moto wa zaidi ya nyuzi 200, na ule uchungu wa juu ndio ladha yake. Msichanganye kanuni zake na hizi.

Kabla ya kuliwa, ikae nje dakika 20 hivi. Baridi kali huficha ladha.

Mwokaji,
Mombasa