Lori linarudi limebeba nini?

Ndugu Mhariri,

Kila inapofunguliwa barabara kuu, reli au gati jipya, gazeti lako hutupa urefu wake, gharama yake na jina la aliyekata utepe. Naomba nafasi niulize jambo ambalo sijaliona likiandikwa: lori lililopeleka mzigo huko linarudi limebeba nini?

Nauliza kwa sababu nimekuwa karani wa mizigo tangu ujanani, na hati zinazopita mezani kwangu zinanieleza hali ya eneo kuliko ramani yoyote. Lori linaingia alfajiri limejaa saruji, mabati, sabuni na nguo. Makuli wanashusha mpaka jua linakuwa kali. Kisha utingo anakunja turubai, anafunga kamba juu ya tela lisilo na kitu, na dereva anageuza. Safari hiyo ya kurudi inakula mafuta na matairi vilevile, na mwenye lori hakubali kuibeba hasara hiyo. Anaijumlisha kwenye nauli ya kuja. Kwa hiyo eneo lisilo na cha kupakia linalipia safari mbili kwa kila mfuko wa saruji unaoshushwa, na fundi wa huko anayetaka kufungua karakana anaanza na malighafi ambayo tayari imepanda bei. Lami iwe nyororo namna gani, haiondoi hilo.

Ni kweli kwamba nauli ya kurudi huwa rahisi kwa mwenye mzigo. Lakini mzigo huo uwe wa kutosha, na uwe tayari siku ambayo lori lipo. Niliwahi kumpokea seremala aliyeleta viti kumi na viwili, vizuri kabisa, ambavyo mnunuzi alikuwa anavisubiri mbali. Lori tupu lilikuwa limeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Viti vikakaa barazani kwangu siku tisa, mvua ya upande ikavipata, gundi ikaachia kwenye maungio, na mnunuzi akaghairi. Barabara ilikuwepo na lori lilikuwepo. Wasiokuwepo ni maseremala wengine hamsini jirani yake, ambao mizigo yao kwa pamoja ingelifanya lori lisubiri.

Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alieleza tangu 1890 kwa nini watu wa kazi moja hukaa pamoja. Fundi anajua pa kupata kazi, na mwajiri anajua pa kumpata fundi. Wauza malighafi na watengeneza mashine huwafuata waliko. Ujuzi nao husambaa kwa watu kuonana kila siku. Mimi wa mizigo naongeza kwamba mafundi waliokaa pamoja hujaza tela.

Tazama Sialkot, mji wa Punjab nchini Pakistan. Uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Karachi, lakini mikasi, koleo na visu vya upasuaji vya huko vinauzwa hospitali za dunia nzima, na baadhi ya mipira ya Kombe la Dunia la 2014 ilitengenezwa huko. Fuatilia mkasi mmoja. Karakana ya kwanza inaufua kutoka kipande cha chuma kisichoshika kutu. Ya pili inaupiga tupa mpaka makali mawili yanakutana bila kuacha mwanya wa mwanga. Ya tatu inautia tanurini ukomae, ya nne inaung'arisha, na mara nyingi yule ambaye jina lake liko kwenye boksi amefanya kazi ya kukagua na kufungasha. Hayo yanawezekana kwa sababu karakana ziko karibu karibu. Zitawanye katika wilaya tano uone kama mkasi huo utabakiza faida.

Watu hao walidai njia wakiwa tayari na mzigo mkononi. Katikati ya miaka ya 1980 walianzisha bandari kavu yao, ili taratibu za forodha zimalizike mjini kwao badala ya kusubiri Karachi. Baadaye wafanyabiashara wakachangishana wakajenga uwanja wa ndege wa kimataifa, uliofunguliwa 2007. Na mwaka 1994, Marekani ilipoviwekea vizuizi vifaa vya upasuaji vya Pakistan kwa sababu ya ubora, njia za usafiri zisingewasaidia chochote. Walijinasua kwa kutumia chama chao, wakaleta mafunzo ya viwango vya ubora, na mauzo yakarudi. Fundi mmoja aliye peke yake mwisho wa barabara asingefua dafu mbele ya kizuizi kama hicho.

Tunasahau pia kwamba barabara ina pande mbili. Mfereji wa Erie, uliokamilika 1825 katika jimbo la New York nchini Marekani, uliteremsha gharama ya kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi jiji la New York mpaka kama sehemu moja ya kumi ya ile ya awali. Rochester, wenye maporomoko ya mto ya kuendeshea vinu, ukawa mji mkubwa wa kusaga ngano. Mfereji huohuo ukawashushia wakulima wa vilima vya New England, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, ngano rahisi ya magharibi, na wengi wakaacha nafaka, wengine wakahama kabisa. Njia ile ile iliinua waliokuwa na cha kupakia, ikawabana wale ambao ulinzi wao pekee ulikuwa umbali.

Italia ilijaribu kwa nguvu zaidi. Mwaka 1950 iliunda mfuko maalumu wa kuendeleza kusini mwa nchi, na 1964 ikakamilisha barabara kuu ya Milano hadi Napoli. Viwanda vikubwa vikapelekwa kusini, kikiwemo cha chuma cha Taranto. Waitaliano wenyewe wakaviita makanisa makuu ya jangwani, kwa kuwa vingi vilisimama peke yake, bila karakana ndogo pembeni za kuviuzia vipuri au kununua vinachozalisha. Pengo la kipato kati ya kaskazini na kusini lilipungua kwa miaka kadhaa, likakwama, na lipo hadi leo. Wakati huohuo Prato, mji wa nguo, na Sassuolo, mji wa vigae, ilikua kwa karakana zilizobanana kama zile za Sialkot.

Barabara ya kumwahisha mgonjwa hospitalini haihitaji hoja ya kiwanda, na ijengwe hata kama lori halitapita kamwe. Nazungumzia zile tunazoahidiwa kuwa zitaondoa umaskini wa eneo zima. Kwa hizo, mpangaji atuonyeshe kwanza nani atapakia nini. Kama kuna mafundi wa kazi moja walioanza kukusanyika, hata wakiwa thelathini, awaanzie hao: kijia cha kutoka karakana zao hadi barabara kuu, umeme usiokatika katikati ya kazi, maabara ya kupima ubora, na chuo cha ufundi kinachofundisha kazi inayofanyika pale pale. Zaidi ya yote awape ghala la pamoja lenye ratiba ya malori inayojulikana, ili mwenye viti kumi na viwili aviweke pamoja na vya wenzake. Ghala kama hilo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya barabara kuu. Inaniuma kuona linavyoachwa nje ya mipango mwaka baada ya mwaka, eti litajileta lenyewe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mwaka mmoja baada ya utepe kukatwa, mtume mwandishi tena. Asimame kwenye mizani, upande wa malori yanayorudi, kuanzia alfajiri mpaka jioni. Ahesabu yaliyojaa na yaliyo tupu, na kwa yale yaliyojaa, afunue turubai aandike kilichomo.

Wako,
Karani wa mizigo